Kisanduku cha Nne

Fomu ile niliibuni mimi mwenyewe, na niliionea fahari. Kabla yake majibu ya vinyama vinavyotolewa kwenye tezi dume ili vipimwe yalikuwa yakikaa kwenye kitengo chetu wiki sita. Wanaume wanapanga foleni dirishani kuulizia, nami niko ndani naandika kila jibu kwa mkono, aya nzima, utadhani ni barua ya posa. Nikachoka. Nikachora karatasi yenye visanduku vitatu: safi, uvimbe wa kawaida, saratani. Kwenye saratani kuna nafasi ya kujaza daraja la ukali. Unatia tiki, unasaini, unavuta trei inayofuata. Wiki sita zikawa siku kumi. Mganga mkuu alinipongeza mbele ya watu, na mimi si mtu wa kukataa pongezi.

Mimi ni daktari ambaye wagonjwa wake hawamjui. Wao wanamjua aliyewachoma sindano na atakayewakata. Katikati ya hao wawili kuna chumba cha chini, mwisho wa korido, chenye hadubini, feni bovu na mimi. Majirani zangu wanaamini nafanya kazi ya maiti, na watoto wao hawali kwangu. Nimeacha kuwaeleza.

Tupo wawili wa kudumu pale chini. Mwenzangu ni fundi wa maabara, mama mtu mzima aliyenitangulia miaka mingi. Kila mtu anamwita Bi Wembe kwa sababu ya mashine anayoiendesha. Kinyama kikifika kinagandishwa ndani ya nta, naye anakichana vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, anavibandika juu ya vioo, anavitia rangi, ananiletea. Hasemi sana. Akikuona umekosea anasafisha miwani yake kwanza, na ukimwona anaisafisha ujue mambo yako yameharibika.

Jumatatu ile nilikuwa na trei tano. Ya nne ilikuwa ya mwanamume wa miaka sitini na mmoja, kazi yake refa mstaafu. Vinyama kumi na viwili. Mkojo umeziba, tezi ni kubwa na ngumu, yuko wodini na mpira wa mkojo. Daktari wa upasuaji aliyemtuma, kijana hodari ambaye sote tunamwita Chapuchapu, alikuwa ameandika "shaka ya saratani", kisha akalikata neno "shaka" kwa mistari mitatu.

Nikatazama. Chembe ndogo ndogo, nyeusi, zimebanana kioo kizima, sura mbaya kabisa. Kisanduku cha tatu, daraja la mwisho, saini. Chai yangu haikuwa imepoa.

Jumatano asubuhi, kabla sijavaa koti, Bi Wembe akasimama mlangoni. Alikuwa anasafisha miwani.

"Daktari, yule refa wa Jumatatu."

"Ana nini?"

"Mimi si daktari."

"Hilo tunalijua, Bi Mkubwa. Sema."

"Nyama yake haikukatika kama tezi dume. Tezi dume ina ukakasi, wembe unaisikia. Hii ilikuwa laini, nyeupe, inasagika. Inakatika kama zile tezi za shingoni mnazoletewa. Nimelala nalo siku mbili."

Nilikasirika, na niseme ukweli, nilikasirika kwa sababu nilikuwa na trei sita zinanisubiri na yeye ananirudisha kwenye kitu nilichokwisha saini. Nikamwambia kama kila fundi ataanza kusoma magonjwa kwa wembe basi mimi nirudi nyumbani nikafuge kuku. Akaiweka trei ya refa mbele ya hadubini, akaenda zake.

Nikaketi ili nimwoneshe kwamba amekosea.

Saratani ya kawaida ya tezi dume hujenga. Hata ikiwa kali, ikiwa imechanganyikiwa kabisa, bado kuna pahali utaikuta inajaribu kutengeneza vijumba vidogo vya tezi, vibovu, vilivyopinda. Na inapojenga inabomoa vile vya zamani. Kwenye vioo vya refa, vijumba vya zamani vilikuwepo. Vimesimama vizima, na hizo chembe nyeusi zimepita katikati yake kama watu waliojaa uchochoroni siku ya soko, bila kugusa ukuta wa mtu. Pembeni mwa kila kinyama zilikuwa zimekamuliwa na sindano mpaka zikawa michirizi ya buluu. Chembe za saratani ya kawaida hazikamuliki kirahisi hivyo. Chembe nyeupe za damu ndizo zinazokamulika.

Nikaichukua fomu ya Chapuchapu, safari hii nikaisoma yote. Chini, kwa herufi ndogo, kulikuwa na kipimo cha damu cha tezi dume. Saratani ya daraja nililotoa huja na kipimo kilichopaa, mara nyingi mpaka mamia. Cha refa kilikuwa mbili nukta nne. Mimi mwenyewe nina wanafunzi ninaowafokea kwa kosa la kutosoma sehemu ile.

Kuna saratani ya chembe nyeupe za damu, limfoma, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye tezi za shingo, kwapa na kinena. Mara chache mno inaanzia ndani ya tezi dume au inatua huko. Katika miaka ishirini na mmoja ya kuinamia kioo nilikuwa nimeiona mara moja tu, na hiyo mara moja ilikuwa kwenye kitabu. Fomu yangu haikuwa na kisanduku chake.

Nikampigia Chapuchapu.

"Dada mkubwa! Shikamoo. Niko mbio."

"Marahaba. Yule refa umempangia nini?"

"Kesho saa mbili asubuhi, wa kwanza kwenye orodha. Namtoa korodani zote mbili. Kashasaini."

Siwalaumu wasomaji wakishtuka. Saratani ya tezi dume iliyokomaa inakula homoni ya kiume, na njia ya haraka ya kuinyima chakula ni kuondoa kiwanda. Ni matibabu halali, yameokoa wengi, na Chapuchapu anayafanya vizuri. Ila limfoma haina habari na homoni hiyo. Ungemtoa mtu uanaume wake, ugonjwa ukaendelea na safari yake bila hata kugeuka nyuma.

"Msimamishe," nikasema.

"Nimsimamishe kwa lipi? Nina karatasi hapa, kisanduku cha tatu, daraja la mwisho. Hii si saini yako?"

"Ni yangu."

"Sasa?"

"Sasa nadhani nimekosea."

Nilisikia troli linapita upande wake.

"Unadhani, au umekosea?"

"Nitakwambia leo saa kumi."

"Saa kumi na nusu nafunga orodha, Dada. Chumba cha upasuaji nakipata mara moja kwa wiki, na nina watu nane wanakingoja. Usiniache na kitanda kitupu kwa sababu ya kudhani."

Hakuwa na kosa. Maneno yake yaliniuma kwa sababu ningesema hayo hayo.

Kuna rangi za pekee ambazo hazipaki kila kitu, zinatafuta alama moja tu kwenye chembe na kuigeuza kahawia. Tunazo chache, kwenye vichupa vidogo kuliko kidole, na tunazitunza kwa ajili ya saratani ya matiti. Nilihitaji mbili. Ya kwanza inazigeuza kahawia chembe za tezi na saratani zitokanazo na tezi. Ya pili inazigeuza chembe nyeupe za damu. Nikaenda kwa Bi Wembe. Nilikuta ameshachana vipande vipya, ameviweka kwenye oveni vikauke, na ile sufuria ya presha tunayochemshia vioo iko jikoni inafoka. Ni sufuria ya kawaida ya maharage, tulinunua dukani, mashine yenyewe ilishakufa.

"Ulijuaje nitakuja?"

"Ungekuja," akasema. Hakunisuta zaidi ya hapo, na heri angenisuta.

Nikazisoma zile trei sita nyingine, pole pole kuliko kawaida yangu, nikirudia kila kioo. Kila baada ya muda naangalia saa ya ukutani. Vioo vinalowekwa, vinasuuzwa, vinalowekwa tena, na hakuna namna ya kuviharakisha. Mimi mwenye sifa ya kasi nilikaa kama mjamzito aliyepitiliza siku.

Saa kumi kasoro dakika kumi Bi Wembe akaniletea vioo viwili vingali vibichi. Kioo cha kwanza: vijumba vya zamani vya tezi vimewaka kahawia, safi kabisa, na ule umati katikati yake umebaki buluu, hata chembe moja haikushika. Kioo cha pili: umati wote kahawia. Ukingo hadi ukingo. Nikampisha Bi Wembe kwenye kiti changu, jambo nisilolifanya, akatazama naye.

"Limfoma," nikamwambia.

"Tezi za shingoni," akasema.

Nikampigia Chapuchapu na kumwambia sidhani tena, nimekosea. Akauliza kama ninaweza kuyaandika hayo. Nikamwambia naandika sasa hivi. Akaguna, kisha akasema, "Basi namtoa kwenye orodha. Dada, hii kitu hata mimi sijawahi kuiona. Uandike makala." Sauti yake ilikuwa na heshima, na kwa dakika moja hivi nilijisikia vizuri. Niliona kabisa ukumbi, watu wamekaa, mimi naonesha picha za kahawia na buluu.

Nilipogeuka, mezani kulikuwa na trei nyingine. Ndogo, ya vioo sita, ina vumbi.

"Hii nini?"

"Ya kwake," akasema Bi Wembe. "Alishawahi kuletwa. Nimemkuta kwenye daftari, miezi minane nyuma."

"Nani amekwambia uilete?"

"Hakuna."

Miezi minane nyuma refa alikuwa amekuja na shida ya kukojoa na uchovu. Akatolewa vinyama sita. Majibu: kisanduku cha pili, uvimbe wa kawaida. Saini ya nani, mnaijua.

Uvimbe wa kawaida ni tezi iliyokasirika tu. Chembe nyeupe za damu zinaivamia, kama zinavyokivamia kidole kilichochomwa na mwiba, na mgonjwa anapewa vidonge anarudi nyumbani. Hapo ndipo limfoma inapompiga mtu chenga, kwa sababu nayo ni chembe nyeupe za damu. Tofauti ni kwamba kwenye uvimbe zinakuja za kila aina, kubwa kwa ndogo, na kwenye limfoma zote zimefanana, kama sare za shule. Nikaviweka vioo vya zamani kimoja kimoja. Kwenye vitano kulikuwa na uvimbe kweli. Kwenye cha sita, upande mmoja, kulikuwa na kundi la sare. Dogo, lakini si la kujificha. Mtu ambaye hana haraka angeliona.

Sasa nieleze jinsi mambo yanavyokwenda hospitalini kwetu, maana hapa ndipo pagumu. Jibu likirekebishwa, karatasi mpya inabandikwa juu ya ile ya zamani. Jibu la Jumatatu ningelirekebisha, na kwa hilo ningesifiwa. La miezi minane nyuma lilikuwa kwenye faili jingine, kabati jingine. Hakuna mtu duniani ambaye angelifungua, isipokuwa mimi na mama huyu mwenye miwani safi.

"Bi Mkubwa," nikasema, "ingekuwa wewe?"

"Mimi si daktari," akasema, na mara hii alilisema kwa upole.

Nikaandika karatasi mbili. Kwenye fomu zote mbili nikapiga mstari chini ya visanduku vyangu vitatu, nikachora kisanduku cha nne kwa kalamu, na mbele yake nikaandika aya nzima kwa mkono, kama zamani. Kisha nikavua koti lenye madoa ya buluu, nikapanda ghorofa ya pili. Nilikuwa sijaingia wodi ya wanaume tangu enzi za masomo. Muuguzi aliniuliza mimi ni ndugu wa mgonjwa gani.

Refa alikuwa kitanda cha dirishani. Mrefu, mkavu, miguu imepita mwisho wa godoro, mfuko wa mkojo umening'inia ubavuni. Alikuwa anamkosoa jirani yake kwa namna anavyokunja shuka.

Nikajitambulisha. Nikamwambia mimi ndiye ninayetazama vinyama.

"Aa, wewe ndiye VAR," akasema. "Yule anakaa chumbani anaangalia video, sisi tunapigiwa makelele uwanjani." Jirani akacheka. Mimi nilishindwa.

Nikavuta kiti. Nikamweleza kwamba kesho hakatwi, wala keshokutwa. Nikamweleza kwamba jibu la Jumatatu lilikuwa na kosa, kosa langu, na kwamba ugonjwa wake ni saratani ya aina nyingine, ya nadra sana kwenye sehemu ile, na matibabu yake ni dawa za dripu, mizunguko sita, kila baada ya wiki tatu. Kwanza atapigwa picha za mwili mzima tujue umefika wapi. Nikamwambia dawa hizo zinachosha na zinaangusha nywele. Nikamwambia wengi hupona, na wengine hawaponi, na sitamdanganya yuko upande gani kabla ya picha.

Alisikiliza bila kunikata. Mwishoni akaweka kiganja chake juu ya shuka, mapajani, akakiacha hapo.

"Kwa hiyo vyangu vinabaki."

"Vinabaki."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka yenyewe, hakuyafuta. "Nilishaviaga, Daktari," akasema. "Jana usiku nilikaa hapa naviaga kama mjinga." Kisha akaanza kucheka, na jirani akacheka naye, na ningeweza kabisa kuinuka pale na kuondoka nikiwa mtu mwema.

"Kuna jingine," nikasema.

Nikamwambia la miezi minane. Nilijikaza nisilipambe. Nikamwambia ugonjwa ulikuwepo tangu wakati ule, mdogo, kwenye kioo kimoja kati ya sita, na niliutazama nisiuone. Nikamwambia daktari wa dripu lazima ajue umekaa muda gani, na yeye vilevile.

Kicheko kikamkauka.

"Miezi minane."

"Ndiyo."

"Mwezi wa tatu nilikuwa siwezi kupanda ngazi za nyumbani kwangu."

"Pole sana. Nisamehe."

"Ngoja kwanza na hiyo samahani." Aliinua kidole, na sauti yake ikawa ile ya uwanjani, wodi nzima ikanyamaza. "Unajua nimeishije miezi minane? Nikisema nimechoka, mke wangu ananiambia nadeka. Nikisema naumwa, naambiwa wewe ulishapimwa, ukaambiwa uvimbe tu, kunywa vidonge uamke. Wanangu wanapiga simu wanamwuliza mama yao, hivi mzee bado anajisikilizia? Wanacheka. Nami nikaanza kuamini. Nilikuwa najilazimisha kuamka saa kumi na mbili nikakimbie, Daktari. Na hii kitu ndani. Nakimbia nalia, narudi naoga, nasema nimepata nafuu."



Kengele ya saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekwisha kulia. Mke wake aliingia na chupa ya chai na mfuko wa nguo safi, mama mnene mwenye uso wa uchovu, anayetembea kwa haraka kama mtu aliyetoka kazini moja kwa moja. Akaniamkia. Akatazama uso wa mumewe, akanitazama mimi, akaishusha chupa sakafuni.

"Kuna nini? Ni kesho?"

"Kesho hakuna," akasema Refa. "Kaa." Akanigeukia. Hasira ilikuwa haijaondoka, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, na alikisema waziwazi: "Hiyo samahani yako mimi sijui niiweke wapi. Mpe huyu. Mwambie kama ulivyoniambia, usiruke neno. Nataka asikie kwa daktari kwamba nilikuwa naumwa kweli."

Nikamwambia. Nilianza na miezi minane, nikamalizia na dripu. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja umeshika chuma cha kitanda. Nilipofika mahali pa kusema "mume wako alikuwa mgonjwa wakati wote ule, na aliyewaambia kwamba si mgonjwa ni mimi," akafungua pochi yake, akatoa nakala ya jibu iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Alikuwa anatembea nayo. Akanionesha tiki yangu, saini, na muhuri wa hospitali.

"Hii?"

"Hiyo."

Akaketi kitandani, karibu na magoti ya mumewe, kwa uzito. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa na ingenirahisishia. Alimgeukia Refa, akamshika ule mguu uliopita mwisho wa godoro, akawa anaukanda bila kujua anaukanda.

"Nilikuwa nakuvuta shuka asubuhi," akasema. "Mbona ulikuwa unaamka? Ungekataa, ungenipigia hata kelele. Mbona ulinikubalia?"

Refa akaichukua ile karatasi mapajani mwa mkewe.

"Karatasi ilikuwa na muhuri, mke wangu," akasema.